Goti la Kiberenge

Mtaani walimwita Kiberenge kwa sababu akishaanza mbio haachi njia, kama kile kigari cha reli. Hakuwa akiona. Macho yalimwishia taratibu akiwa msichana, kama yalivyomwishia mama yake, na ukoo mzima ukashukuru kwamba angalau dada yake amenusurika. Mchana alipokea simu hospitalini, amekaa kitako kutwa nzima, akiunganisha watu na wodi zao. Lakini alfajiri, jamani, alfajiri alikuwa na miguu!

Aliyekimbia naye ni huyo dada yake, fundi cherehani, mwanamke wa maneno mengi. Walishikana kwa utepe wa mpira, ule unaotiwa kwenye kiuno cha sketi, kila mmoja ameuzungusha mkononi. Dada akisema "tuta", Kiberenge anainua miguu. Akisema "maji", anaruka. Akisema "mtu", anajibana kwa dada. Hakuna fimbo, hakuna kupapasa kuta. Ndiyo saa pekee ya siku ambayo Kiberenge alikwenda kwa kasi aliyoitaka mwenyewe, na asingeibadilisha kwa chochote.

Siku moja dada akasimama ghafla. "Samahani, baba," akasema kwa adabu zote. Kimya. Kiberenge akanyoosha mkono, akakuta nguzo ya umeme.

"Dada, umemwomba radhi baba mwenye nyaya!"

Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Lakini baada ya hapo kila kitu kikawa "mtu": pipa la taka mtu, mbuzi mtu, baiskeli iliyoegeshwa mtu. Halafu dada akaanza kutaka wasubiri jua lipande kwanza. "Baridi, mdogo wangu," akasema, na siku hiyo hapakuwa na baridi yoyote. Kiberenge alijifanya hamnazo. Baridi hiyo aliijua. Yeye mwenyewe aliwahi kuwadanganyia wazazi wake, macho yalipoanza kumtupa.

Asubuhi waliyotumbukia mtaroni, dada hakuwa amesema neno. Walikuwa wanakimbia, mara wako chini, matope hadi vifuani. Dada ndiye wa kwanza kuinuka, akapandisha sauti: nani kachimba mtaro hapa, hawa watu hawana haya, wanataka tuvunjike shingo! Mtaro huo ulikuwepo tangu wao wakiwa wanafunzi.

Akiwa bado amekaa kwenye matope alitaka kumuuliza, tangu lini? Lakini alimsikia dada anavyohema, anavyomkung'uta nguo kwa pupa, akajua kwamba akiuliza tu, atakuwa amemwambia kuwa cherehani nayo inakwenda, na nyuso za watoto wake zinakwenda. Nani ana moyo wa kumwambia ndugu yake hivyo?

"Dada," akasema, "goti langu limekataa. Nadhani mbio basi tena."

Alitegemea dada abishe. Huyu ni mtu anayebishana hata na redio. Alitamani abishe, Mungu anajua.

"Basi, mdogo wangu, tupumzike," dada akasema, haraka mno, na pumzi ikamtoka kama aliyetuliwa mzigo kichwani.

Kiberenge alilia njia nzima hadi nyumbani, akasingizia goti.

Tangu hapo dada huja kila asubuhi na dawa ya kuchua. Anapiga magoti sakafuni, anauliza maumivu yamefikia wapi, Kiberenge anajibu bado yapo. Mkono wa dada unagusa kwanza ukingo wa kiti, unateleza hadi pajani, unashuka polepole ukilitafuta goti. Mguu wenyewe Kiberenge hausogezi kumsaidia, dada asije akashtuka kwamba anajua. Anatulia tu kitini, meno ameyauma, anangoja mkono ufike.