Kanuni Yangu ya Mikono na Kichwa

Mtacheka, chekeni tu, lakini mimi mpaka leo nikipita Kibirizi naona aibu, na kosa ni langu mwenyewe, hakuna wa kumsingizia (ingawa siku ile nilijaribu kumsingizia mtu, na hapo ndipo nilipojimaliza).

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mwalimu kijana, nimepangiwa Kigoma kutoka Singida, nikajitolea kuwafundisha Kiingereza Warundi waliokuwa wakisubiri malori ya kuwapeleka kambini. Darasa lilikuwa chini ya turubai pale Kibirizi, na mimi ndiye niliyeandika orodha ya alama, maana wenye Kiingereza kizuri wangechaguliwa kufundisha shule ya kambini. Nyuma kabisa alikaa Mzee Salvatori, mkimya, haandiki kitu. Kila asubuhi yeye ndiye aliyenisalimia kwanza, mimi shikamoo yangu sikumpa (nilijiambia mwalimu hamwamkii mwanafunzi).

Basi mwanafunzi mmoja, Mama Jeska, akauliza, "do" na "make" zote tunaambiwa ni kufanya, sasa zinatofautianaje? Sikujua. Ningesema ngoja nikaangalie kitabuni yangeishia hapo, lakini nilikuwa nimevaa tai bwana, nikatunga palepale kwamba "make" ni kazi ya mikono na "do" ni kazi ya kichwa, nikaandika ubaoni, darasa zima likaitikia kama wimbo. Mzee hakuitikia. Nikamsimamisha arudie peke yake mara tatu, akarudia kwa adabu, mikono ameifumbata, nami nikamwandikia sifuri.

Wiki iliyofuata akaja afisa elimu kuchagua walimu, na darasa, kwa kunipenda, likamwimbia kanuni yangu. Akauliza mbona kukata shauri, kazi ya kichwa, Waingereza hutumia "make", na kuosha vyombo hutumia "do"? Nikasema wanafunzi wamenielewa vibaya, hasa yule mzee wa nyuma, ndiye anayewachanganya wenzake.

Mzee Salvatori akasimama. Akaeleza kwa Kiingereza kilichonyooka, kisha kwa Kiswahili ili Mama Jeska naye afaidi: ukipika maandazi au ukikata shauri, kimetokea kitu ambacho hakikuwapo, hapo mara nyingi ni "make", ukiosha vyombo umefanya kazi tu, ni "do". Kumbe alikuwa amefundisha Kiingereza kwao miaka ishirini! Afisa akamuuliza kwa nini alinyamaza muda wote huo.

"Darasa ni nyumba ya mwalimu, na mimi ni mgeni," akasema. "Nitamsahihishaje mwenye nyumba mbele ya watu wake?"

Afisa akaomba orodha. Akaisoma taratibu mpaka kwenye ile sifuri, akanitazama, akanipa kalamu. Nikaikata mbele ya wote, na pembeni yake nikaandika kwamba huyu ni mwalimu.

Lori lilipokuja nilimbebea mzigo wake mpaka juu, nikamwambia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu," akaitika, kwa upole uleule wa kila asubuhi, na hiyo marahaba iliniuma kuliko macho yote ya afisa. Tangu hapo nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, na wanafunzi wakicheka, wacheke.