Lenzi Fupi ya Eunike

Tulimzika Julius, mtoto wa Priska, kihambani, kwenye migomba ya ukoo wao, Kibosho. Juu ya jeneza lake dogo iliwekwa picha ya ubatizo iliyopigwa na Eunike. Gauni jeupe lilionekana uzi kwa uzi, lakini uso ulikuwa ukungu mtupu. Waombolezaji, kwa kukosa la kusema, wakalisifia gauni. Nilimwonea Eunike, rafiki yangu, uchungu mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Eunike alikuwa mpiga picha wa mtaa wetu wa Pasua, mlango wa pili kutoka kwenye cherehani yangu. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na lenzi yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono mpaka kitu kionekane vizuri. Kanisani kulikuwa na giza, mtoto alikuwa akifurukuta, na kilichoonekana vizuri kilikuwa ile lesi nyeupe. Hiyo ndiyo aliyoilenga. Kisha homa ikamchukua Julius, na mama yake hakuwa na picha nyingine.

Tangu hapo Eunike akakataa kupiga picha za watoto. Akinamama walipokuja, aliwaambia filamu imekwisha. Uongo mtupu!

Mwaka 1998 Priska akajifungua Doris, akatuma salamu kwamba mpiga picha wa ubatizo atakuwa yuleyule.

"Ananiadhibu," Eunike akaniambia, akilia juu ya cherehani yangu.

"Basi katafute lenzi inayojitafutia fokasi yenyewe," nikamjibu, "uache kunilowanishia vitambaa vya watu."

Tukaenda mjini kwa Abdulkarim, muuza kamera za mtumba. Akatoa lenzi ndefu kama mchi.

"Shikamoo, mama. Hii inavuta mpaka theluji ya kileleni Kibo."

"Marahaba. Kibo haikimbii, mwanangu. Mimi nataka ya watoto."

Hata hivyo Eunike aliijaribu kwa mtoto aliyekuwa akicheza kivulini mlangoni. Lenzi ikanguruma, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, na mtoto akawa ameshaondoka. Kulikuwa na nyingine, nene, nzuri hasa kwa sura za watu, ila bei yake ilikuwa ya kumfanya mtu auze ng'ombe. Mwisho akachukua fupi ya plastiki iliyokuwa imesahauliwa chini ya kabati. Ilikuwa nafuu, ilipokea mwanga mwingi, na yule mtoto aliporudi ilimshika kabla hajageuka. Ubaya wake mmoja, ilitaka usogee karibu.

"Nitapiga magoti," Eunike akasema.

Na kweli alipiga magoti kwenye sakafu ya kanisa, mbele ya Priska na watu wote. Hakumwambia mtu amshike mtoto atulie, kama tulivyozoea. Aliweka alama ya katikati ya kioo cha kamera juu ya jicho la Doris, akangoja, akabonyeza. Nami nilikuwa nikiomba kuliko padri.

Picha zilipotoka, Priska akazifuata Pasua, Doris mgongoni. Gauni lilikuwa lilelile la Julius, ila safari hii lesi ndiyo iliyofifia. Macho yalikuwa maangavu, kope zote zikihesabika. Priska akaisogeza picha karibu na uso wake, na Eunike akaanza kuomba radhi kwa ile ya Julius.

"Hapana, mama," Priska akamkatiza. "Haya ni macho ya Julius. Nilikuwa nimeanza kuyasahau."

Eunike akakaa kwenye benchi. Tukalia wote watatu, Doris akitutazama.