Mstari wa Joto Kutoka Kisarawe

Jumamosi niliyosimika Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa mara ya kwanza, manyunyu ya vuli yalianza tangu asubuhi na Visiga nzima ilikuwa imetulia. Nilikaa sebuleni nimejifunga kanga, mbele ya kompyuta kuukuu niliyoipata kwa fundi wa barabarani, nikitazama maandishi meupe yakiteremka kwenye skrini nyeusi. Sikuyaelewa hata robo yake. Yalikuja, yakapita, yakaja mengine, nami nikayakodolea macho mpaka nikasahau chai mezani. Malori ya Barabara ya Morogoro niliyasikia kwa mbali, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Mwisho maandishi yakasimama, kikabaki kijistari kimoja kinachowakawaka, kinanisubiri mimi. Nikaandika jina langu na neno la siri, na mashine ikanipokea.

Nieleze kwa nini mtu mzima wa masjala alihangaika na mambo hayo. Nilikuwa nimemaliza miaka kumi na mmoja katika ofisi moja ya Kibaha, nikipokea mafaili, nikigonga mihuri, nikiyatafuta yaliyopotea. Sikuichukia kazi, ila hamu ilikuwa imeniisha. Chumba cha seva, zile kompyuta zinazotunza kazi za ofisi nzima, kilikuwa upande wa pili wa korido. Kila nilipopita mlango ukiwa wazi, niliona taa ndogo za kijani zikipepesa humo ndani, hewa baridi ikanigusa miguuni, na bila kujua nikapunguza mwendo. Nafasi ya kazi ilipotangazwa humo, kwa watumishi waliopo tu, niliomba siku hiyohiyo. Wenzangu walinitania kwamba natafuta kiyoyozi cha bure.

Mkuu wa chumba hicho ni bwana mpole, anazungumza taratibu kiasi kwamba ukimsikiliza baada ya chakula cha mchana utasinzia. Jaribio lake halikuwa la kusinzia. Kila mwombaji alitakiwa kuwa na mashine mbili za Linux. Moja ukae nayo, nyingine uiweke mbali, mahali usipoweza kuinyooshea mkono, na ile ya karibu iichunguze ile ya mbali kila dakika: kumbukumbu yake, diski yake, joto lake. Siku ishirini na moja bila kuzimika hata mara moja. Kisha unaketi mbele ya watu watatu na michoro yako, na kila mahali mstari ulipopanda au kushuka unaeleza kwa nini. Ukishindwa kueleza, unarudi masjala.

Ya mbali niliipeleka Kisarawe kwa mama. Ilikuwa kompyuta mpakato ya zamani, yenye betri ya kuvumilia umeme ukikatika, na modemu yenye laini ya simu. Niliiweka juu ya kabati la vyombo, pale sebuleni, nikamwomba mama asiiguse kwa namna yoyote. Aliniuliza inafanya kazi gani. Nikamwambia kazi yake ni kuwa hai tu, na kunijulisha kwamba iko hai. Akasema basi haina tofauti na yeye.

Siku za kwanza zilikuwa tamu, sina neno jingine. Nilikuwa nikitoka kazini nakaa mbele ya mchoro. Mstari wa joto ulikuja nukta kwa nukta kutoka kule, ukipanda kidogo mchana, ukilala jioni. Nikautazama mpaka nikaanza kuona mambo yasiyokuwemo: mama akifungua dirisha, ukungu ukitoka vilimani, jua likifika kwenye bati. Niliwahi kukaa saa nzima hivyo nikiwa na sufuria jikoni, na wali ukaungua. Sikujali.

Siku ya sita mstari ukabadilika. Kuanzia saa nne asubuhi ulipanda kama anayekimbia mlima, ukakaa huko juu mpaka alasiri, kisha ukateremka. Kesho yake vilevile, na nyuzi mbili zaidi. Siku ya tisa saa nane mchana, simu yangu ikalia ofisini: tahadhari niliyoipanga mwenyewe. Nyuzi tisini na moja. Nilijua kwamba ikifika mia, mashine itajizima yenyewe ili isiungue, na habari yangu itakuwa imeishia hapo.

Nikaanza kuhangaika. Niliingia ndani ya mashine kwa mtandao, kutokea Visiga, nikazima programu moja baada ya nyingine. Nikapunguza kasi yake. Nikasoma kumbukumbu zake za matukio mstari kwa mstari, nikitafuta kitu kinachoamka saa nne na kulala alasiri. Nilishuku modemu, nikashuku feni, nikamshuku hata yule fundi aliyeniuzia. Nilimpigia mama kila siku. Shikamoo, marahaba, umeigusa? Hajaigusa. Kuna kitu chochote kimewekwa juu yake? Hakuna kitu, mwanangu. Na mama yangu hasemi uongo.

Siku ya kumi na tatu ikafika nyuzi tisini na sita. Nikachukua bodaboda kwa njia ya ndani ya kutokea Kiluvya, nikafika Kisarawe saa saba nikiwa mwekundu kwa vumbi. Mama alikuwa shambani kwake, kwenye mihogo. Ufunguo uko pale unapokaa siku zote. Nikafungua mlango wa sebule, na sikuiona mashine.

Niliona kitambaa. Vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine, vile vyeupe alivyofuma kwa mkono wake, vinavyotoka sandukuni akija mgeni wa heshima. Vilikuwa vimetandazwa vizuri, pembe zikining'inia sawasawa pande zote. Chini yake mashine ilikuwa ya moto kama pasi. Redio ilikuwa imefunikwa. Televisheni ilikuwa imefunikwa. Na mimi, kule Visiga, kwa wiki nzima nilikuwa nikiitafuta hitilafu huku televisheni yangu mwenyewe imevaa kitambaa alichonipa yeye, wala sikukiona. Kwetu kufunika hakuhesabiki kuwa umeweka kitu juu ya kitu. Ni usafi tu, ni kama kuosha vikombe.

Mama akaingia na jembe lake, akafurahi kuniona. Akaeleza bila kuulizwa sana: kila akitoka kwenda shamba anaifunika, vumbi la barabarani ni baya, na akirudi anaifunua kwa sababu kile kitaa chake cha kijani kinamchangamsha jioni. Siku za kwanza hakufanya hivyo kwa kuwa ilikuwa bado ngeni.

Mimi nina hasira za karibu, najijua. Nilikuwa na vumbi, nina njaa, nina wiki ya wasiwasi kichwani. Nilivivuta vile vitambaa vikaanguka sakafuni, nikamwambia, "Mama, umeniharibia. Joto ndilo linaiua hii, na wewe unaifunika kama maiti."

Aliviokota, akavikunja kimoja kimoja, akavirudisha sandukuni, kisha akaenda kuweka chai. Nikainua mashine juu ya vibao viwili ili ipate hewa chini. Chai sikuimaliza. Niliaga kwa haraka, nikijidai nawahi usafiri.

Joto lilishuka siku hiyohiyo, likatulia. Nilipaswa kufurahi. Nilikaa tena mbele ya mchoro, lakini kila nukta iliyokuja kutoka sebule ile ilinichoma. Mara tatu nilishika simu niombe radhi, mara tatu nikaishia kuuliza habari za mihogo.

Halafu mstari ukafanya jambo jingine. Siku ya kumi na nne, saa nane mchana, wakati bati linapowaka na kila kitu kinapaswa kuwa juu, ulishuka. Ulishuka chini kuliko hata wa alfajiri, ukawa unatetemeka huko chini, mpaka saa kumi, kisha ukarudi juu. Kesho yake tena. Na siku iliyofuata. Nilitafuta sababu katika kila nilichofundishwa, sikuiona. Mashine ilikuwa salama kabisa, ila mimi sikuwa na la kuwaeleza watu watatu. Mama kwenye simu akasema hajaifunika. Hilo tu, na sauti yake ilikuwa ya chini.

Siku ya ishirini, Jumapili, nilikwenda. Nilifika saa nane na nusu. Mlango ulikuwa wazi, pazia likipuliziwa ndani na nje, nikasimama barazani bila kubisha hodi.

Mama alikuwa kwenye kiti, karibu na kabati, amenipa mgongo. Mkononi ana kipepeo cha ukindu. Alikuwa anaipepea mashine. Pole pole, bila kukosa, mkono ukienda na kurudi, macho yake yakiwa kwenye kile kitaa. Mkono wa kulia ulipochoka akahamishia wa kushoto. Sijui nilisimama kwa muda gani. Nilijiona kama naota, na nilitaka niendelee.

Niliposema shikamoo aligeuka akiwa na aibu, kama mimi ndiye mama. "Ulisema joto ndilo linaiua," akaniambia. "Nikaona mchana niwe narudi nikae nayo."

Nilipiga magoti nikamwomba radhi, nikalia. Alinifuta uso kwa upande wa kanga yake, akaniuliza kama nimekula.

Jumanne niliketi mbele ya watu watatu. Nilieleza kupanda kwa mstari siku ya sita, na mmoja wao akacheka, akasema nyumbani kwake kuna seti nzima ya vitambaa hivyo. Kisha mkuu akaweka kidole kwenye yale mashimo manane ya mstari, saa nane hadi saa kumi, akauliza kwa upole ule wake nilitumia njia gani.

"Sikufanya chochote," nikasema. "Ni mama yangu alikuwa anaipepea."

Mkuu akaufuata mstari kwa kidole, shimo kwa shimo. Akauliza kama ni kila siku, nikasema kila siku, aliacha palizi yake katikati. Akasema kwamba kwa mchoro huu, baada ya kuondoa vitambaa, mashine isingezimika hata kama asingepepea.

Nikajibu kwamba najua.

"Umemwambia?"

Nikamjibu hapana, na kwamba sitamwambia.

Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akafungua ukurasa mwingine, akasema Jumatatu nianze kazi chumba cha seva.