Kaburi la Padri pale Lubudi

Kilichomo ndani ya kaburi hili nimekificha tangu enzi ya Zaïre.

Leo mjukuu wangu Kapinga amenipeleka kuona kanisa la zamani la Lubudi. Kwenye "kaburi la Padri" tukamkuta mama anasali, mtoto mgongoni.

"Tata, omba na we! Huyu Padri ndiye alinipa mutoto. Ukishindwa kupiga magoti, omba wima tu, hana makelele."

Kapinga akacheka. Mama akaendelea:

"Kesho batafukula mifupa yake, bataiweka mu kanisa. Askofu anakuja!"

Ningemwambia nini? Ninyi mngesemaje?

Basi nawaambia ninyi, kabla sijafa na kabla hawajachimba: hamna Padri mle. Nilizika kengele ya kanisa, nikasema ni Padri, wezi wa shaba wasiiyeyushe.