Mvua Aliyoitangaza Byabato

Choo chako kikijaa, uchafu wake unaupeleka wapi?

Kwenye mlima anakoishi Byabato, jibu wanalo wote na hakuna anayelisema. Gari la kunyonya maji taka haliwezi kupanda. Mawe yamebanana, nyumba zimening'inia juu yake. Basi watu husubiri mvua kubwa, huzibua tundu chini ya shimo, na mtaro huzoa kila kitu hadi ziwani. Wanaita kutapisha choo. Mtaro huohuo hupita kando ya kisima cha Kokulinda, dada yake Byabato, ambaye mwanawe alikuwa ametoka wodini wiki ile, bado amelegea kwa kuhara.

Byabato ni mtangazaji wa redio ndogo ya mjini. Mkuu wake alimtaka ataje "usafi wa mazingira" kisha apige muziki. Jioni ile alikataa.

"Ndugu zangu wa milimani," alisema hewani, "utabiri unasema mvua kubwa itanyesha usiku huu. Nawaombeni, msitapishe vyoo. Huko chini watoto wanakunywa maji hayo!"

Simu zikamiminika.

"Mtangazaji, kwani wewe unajisaidia mawinguni?" mmoja alimtania.

Mwingine hakucheka. "Tusitapishe, sawa. Tufanyeje sasa? Tubebe kwa ndoo?"

Byabato akakohoa, akaweka tangazo la sabuni.

Kokulinda naye akapiga. "Nimekusikia, kaka. Na wao watakusikia?"

"Watanisikia. Mji mzima unanisikiliza."

Mvua ikanyesha kama ilivyotabiriwa.

Asubuhi Byabato alimkuta mwenye nyumba wake, Mzee Nurdin fundi cherehani, akisuuza mtaimbo mlangoni, uso umemkunjuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Yaani umetuokoa. Bila tangazo lako mvua ingenikuta nimelala. Nimezibua chetu mapema, nikawagongea na majirani. Mlima wote umepumua."

Byabato aliteremka mbio, akiteleza juu ya mawe, harufu ikimtangulia.

Kisima kilikuwa kimefurika maji ya kahawia. Kokulinda, mtoto mgongoni, alikuwa akikifukia kwa mawe, moja baada ya jingine, kisima alichochimba mumewe kwa mikono.

"Dada, ngoja kwanza..."

"Ningoje nini?" Hakuinua macho. "Usisimame hapo. Shika lile kubwa, limenishinda."

Byabato akainama, akalishika.