Mama Madirisha

Jirani yetu wa mlango wa pili hakalii kiti cha mtu kabla hajafungua dirisha lake. Hodi haijaitikiwa, keshaingia. Pazia analipiga fundo, komeo lenye kutu analigonga kwa kiganja mpaka liachie, kisha ananusa kama anayeonja mchuzi. Akiona ukungu ukutani, anaukwangua kwa ukucha wa kidole gumba na kukuonyesha: "Hiki ndicho anachovuta mtoto!" Chai ukimpa, anaiacha ipoe, arudi kutikisa kioo. Hatulii. Tunamwita Mama Madirisha, naye anajua.

Jioni moja mpangaji wa chumba cha mwisho alikuwa akimfokea mkewe, madirisha yote yamefungwa, nasi uani tukijifanya hatusikii. Mama Madirisha akaingia. Hakuamua ugomvi, hakumtazama hata mmoja wao. Akafungua dirisha la barabarani, akafungua la uani, mapazia akayapiga mafundo, kisha, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akaketi akatulia tuli. "Haya, endelea, baba," akasema. "Hewa sasa inapita." Yule bwana akatazama nje, akatuona sote tumesimama. Mkono aliokuwa ameuinua akajikunia kichwa.