Majani Yaliyonukia Moshi

Jumamosi ile, nyuma ya nyumba yetu ya kupanga pale Kipsongo, tulikuwa wanne. Mimi. Mdogo wangu wa kiume aliye kidato cha pili, ambaye mdomo wake haupumziki. Kitinda mimba wetu, msichana wa gredi ya tatu. Na mama mdogo, dada ya marehemu mama, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Malakisi, anakolima tumbaku, akiwa na mfuko wa njugu.

Hakuja kusalimu tu. Alitaka kumchukua kitinda mimba akamlee. Kwake kuna kitanda kisicho na mtu, na shule iko ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimemjibu kwa simu kwamba mtoto aulizwe mwenyewe, Jumapili baada ya kanisa. Nilisema hivyo kwa sababu jibu nililijua. Wazazi wetu walipotutoka, mmoja baada ya mwingine, mtoto huyo hakuwa ameota hata jino. Niliacha shule darasa la saba nikaanza kuchemsha mahindi na kuyauza kwenye steji ya magari ya Endebess, na mpaka leo ndiyo kazi yangu. Angemtaka nani mwingine akaniacha mimi?

Mwalimu wake alikuwa ameagiza kila mtoto alete mnyama wa majani kufikia Ijumaa. Majani yawe yameanguka yenyewe, kuchuma haturuhusiwi. Kitinda mimba akachagua kuku. Tuliokota majani chini ya mparachichi wa jirani, ya kahawia na mekundu, nami nikatoa gunzi la mahindi liwe mwili. Kazi ilikuwa kukunja majani na kuyafunga kwa uzi wa katani, moja juu ya lingine, yawe manyoya.

Kila nililokunja lilivunjika. Nilijaribu polepole, nikajaribu kwa hasira. Gunzi likabaki na vipande vinne vinavyoning'inia.

"Hiyo si kuku," mdogo wangu alisema. "Hiyo ni kuku imetoka kwa ajali."

Kitinda mimba akaanza kulia. Nikamkemea anyamaze.

Mama mdogo alikuwa akimenya njugu. Akachukua jani moja, akalikunja kidogo karibu na sikio lake, akasikiliza.

"Mami, hii usishike saa hii," alimwambia mtoto. "Jua imeikausha. Si tumbaku ni hivyo hivyo? Ukiishika mchana ni unga. Unaiachia umande, asubuhi inakuwa kama kitambaa."

"Kama kitambaa kabisa?"

"Utaifunga hata kwa kichwa uende nayo kanisa."

Mtoto alicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Kisha akasogea, akaweka kidevu chake juu ya goti la mama mdogo. Kidevu hicho nilikifahamu. Hakuwa amewahi kukiweka juu ya goti lolote ila langu.

"Anti anajua kila kitu," alisema.

"Na dada?" mdogo wangu akauliza, akinitazama kwa uchokozi.

"Dada anajua mahindi."

Walicheka wote watatu. Nami nilicheka, kisha nikaingia ndani kana kwamba kuna kitu nimesahau.

Jioni walitandaza gunia kwenye nyasi na kuyapanga majani mojamoja. Niliwaangalia kupitia mlangoni. Mama mdogo alikuwa anamfundisha kuyashika kwa kikonyo, na mtoto anayeshika kila kitu kwa pupa alikuwa ametulia.

Mimi ndiye huamka wa kwanza. Jumapili alfajiri niliwasha jiko, nikaenda kwenye gunia, nikagusa jani. Lilikuwa laini. Nilikunja, nikakunja tena, halikuvunjika. Ningeweza kufurahi. Badala yake nilihisi kama mtu ameingia nyumbani mwangu na kuketi mahali pangu bila kuniuliza.

Niliyakusanya yote, nikayatandaza kwenye ungo na kuuweka juu ya jiko. Nilisimama hapo nikiyageuza mpaka yakakauka, yakaanza kulia tena yakiguswa. Kisha nikayarudisha kwenye gunia, nikayapanga vile vile, nikafuta mikono.

Kitinda mimba alitoka akikimbia bila viatu. Jani la kwanza likavunjika. La pili pia. Akamgeukia mama mdogo.

"Anti, si ulisema?"

Mama mdogo aliinama, akachukua jani, akalinusa. Amekausha tumbaku kwa moto maisha yake yote. Aliinua macho akanitazama, si kwa muda mrefu. Nilijua amejua.

"Umande umekuwa kidogo leo, mami," alisema. "Ni kosa yangu."

"Ulinidanganya!"

Baada ya kanisa tulimuuliza mtoto. Alinishika sketi, akasema hataki Malakisi. Mama mdogo aliitikia kwa kichwa. Nilipomsindikiza kwenye gari la Bungoma aliniambia tu, "Umlinde." Nikajibu, "Ndiyo, mama." Mdomo ulikuwa wazi na maneno mengine yalikuwepo. Gari likaondoka.

Jumanne jioni nilitandaza majani mapya. Jumatano asubuhi tulimfunga kuku, manyoya yake yamepangana vizuri, mkia umesimama. Mtoto alimzungusha mkononi.

"Kumbe wewe ndio unajua, dada. Anti alikuwa anabahatisha."

Ningeweza kumwambia ukweli pale pale. Nilimwambia, "Haya, vaa viatu, utachelewa."

Tangu hapo mama mdogo hupiga simu kila Jumapili. Huniuliza mahindi yanauzikaje, huuliza kama mvulana anasoma. Mwisho huomba kuongea na mtoto.

"Mwambie nimelala," kitinda mimba husema, yuko macho kabisa, mkononi ana kikombe cha uji.

"Amelala," nami humwambia mama mdogo.

"Sawa, mwanangu. Mwache apumzike."

Hajawahi kuyataja majani yale, wala kunikumbusha. Nimeishika imani ya mtoto ambayo si yangu, na mama mdogo ananidai sentensi moja tu, fupi, ambayo naweza kuisema hata nikiwa nageuza mahindi. Jumapili iliyopita aliomba tena. Nilisema amelala.